"Umetuletea Nini?": Lugha ya Zawadi za Safari katika Kiswahili



1.0 Utangulizi

Wengi wenu huenda mlitarajia mada iliyozoeleka katika mihadhara ya Kiswahili, kama vile usanifishaji, istilahi, au nafasi ya lugha katika elimu. Nimechagua mada inayoonekana nyepesi, yaani vitu ambavyo msafiri hununua ugenini na kuwarudishia watu wake. Naamini kwamba wepesi wake ni wa juu juu tu. Hakuna mtu katika ukumbi huu ambaye hajawahi kusimama dukani katika nchi ya watu, akihesabu kwa vidole jamaa walioko nyumbani, huku akihesabu kwa upande mwingine fedha zilizobaki na kilo za mzigo.

Swali ninalotaka tulijibu pamoja ni hili: Kiswahili kinasema nini juu ya tendo hilo? Nitapitia mambo manne. Kwanza, asili ya maneno tunayoyatumia. Pili, sarufi ya kitenzi *kuleta*. Tatu, namna vitu vya mbali vinavyopata uenyeji kwa njia ya lugha, nami nitatumia mfano wa kanga. Nne, hali inayonitia wasiwasi, ambapo zawadi inageuka kuwa deni, na katika maisha ya umma inageuka kuwa jambo baya zaidi ya deni.

2.0 Maneno na asili zake

Neno *zawadi* lina asili ya Kiarabu, katika mzizi unaohusu masurufu ya msafiri: chakula na mahitaji ambayo mtu hufungiwa anapoanza safari. Kwa asili yake, basi, neno hili lilimhusu anayeondoka. Waswahili walilipokea na kuligeuza uso. Leo tukisema *zawadi ya safari*, aghalabu tunamaanisha kitu alichokuja nacho anayerudi. Anayekwenda bado hufungiwa masurufu, lakini jina limehamia upande wa marejeo. Mabadiliko hayo ya maana hayakuwa ya bahati nasibu. Yanaonyesha kwamba katika fikra za wasemaji, kufungiwa na kuleta ni nusu mbili za jambo moja. Waliobaki walichangia safari, hivyo wana sehemu yao katika marejeo.

Kando ya *zawadi* yapo maneno mengine yenye vivuli tofauti vya maana. *Hidaya* nalo limetoka katika Kiarabu, na lina uzito wa heshima. *Tunu* ni kitu cha thamani au cha nadra, kisichopatikana kila siku. Ndiyo maana tunaweza kumwita mtoto tunu, wala hatuhitaji kueleza. *Tuzo* ni malipo ya sifa, anayopewa aliyefanya vyema. *Bahashishi* ni kile kidogo anachopewa aliyetuhudumia. *Sadaka* hutolewa kwa kutarajia radhi za Mungu. Mzungumzaji hodari hachanganyi maneno haya. Mtu anayetoka Muscat na udi kwa ajili ya mama yake hakuleta bahashishi, na akimpa kijana aliyembebea mizigo sarafu chache, hakumpa hidaya.

Tulinganishe na lugha nyingine. Neno la Kifaransa *souvenir*, lililoenea katika maduka ya watalii duniani kote, lina maana ya kukumbuka, na asili yake ya Kilatini inahusu jambo linalomjia mtu akilini. Mtazamo wake uko kwa mnunuzi: amefika mahali, naye anataka kitu kitakachomrudisha pale kwa mawazo. Wajerumani wana neno *Mitbringsel*, linalotokana na kitenzi cha kuja na kitu, nalo linatazama tendo la kubeba. Wajapani wana *omiyage*, ambayo mara nyingi ni chakula maalumu cha mahali alipokwenda msafiri, na ni wajibu kuwapelekea hata wafanyakazi wenzake. Kila lugha imechagua pa kusimama. Kiswahili kimesimama wapi? Ili kupata jibu, maneno peke yake hayatoshi. Yatupasa tuingie katika sarufi.

3.0 Sarufi ya kuleta

Kitenzi *leta* kina yambwa moja: mtu analeta kitu. Lakini mara chache msafiri huleta tu. Yeye *huletea*, na kabla ya hapo *hununulia*. Tunatumia kauli ya kutendea, na kauli hiyo inapoingia, mpangilio wa sentensi nzima hubadilika. Tazama mifano ifuatayo:

(1) Asha amemletea mama kanga.
(2) Mama ameletewa kanga na Asha.
(3) *Kanga imeletewa mama na Asha.

Sentensi ya kwanza na ya pili ni sahihi. Ya tatu nimeiwekea alama ya nyota kwa sababu mzungumzaji wa Kiswahili haikubali. Kanga haiwezi kupanda na kuwa kiima mahali ambapo mama yupo. Vivyo hivyo kwa kiambishi cha yambwa: tunasema *amemletea*, ambapo *-m-* ni mama, wala hatuwezi kusema *ameiletea mama* kwa maana ya kwamba alimpelekea mama kanga hiyo. Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi moja tu ya kiambishi cha yambwa, na katika kauli ya kutendea nafasi hiyo ni ya mpokeaji. Kitu chenyewe husubiri nyuma. Kinaweza hata kutoweka kabisa, na sentensi *Amemletea* ikaeleweka, mradi wasikilizaji wanajua kinachozungumzwa.

Wanafunzi wa isimu wanajua kwamba hali hii si ya lazima katika lugha zote za Kibantu. Katika Kinyarwanda na katika Kichaga, kwa mfano, yambwa zote mbili zina haki zinazokaribiana. Kila moja inaweza kuwa kiima cha kauli ya kutendwa, na kitenzi kinaweza kubeba zaidi ya kiambishi kimoja cha yambwa. Kwa hiyo sitadai kwamba Waswahili ni wakarimu kuliko jirani zao kwa sababu ya kiambishi. Dai la namna hiyo lingekuwa kichekesho, na jirani zetu wangekuwa wa kwanza kucheka. Ninachosema ni kidogo zaidi, nacho kina uhakika zaidi: mtu anayekua akisema Kiswahili hawezi kusimulia habari ya zawadi bila kumtanguliza mpokeaji. Akitaka kukitanguliza kitu, itambidi aiache kauli ya kutendea na kutafuta njia nyingine.

Lugha ina mbinu nyingine pia ambayo ningependa muitazame, nayo ni ya kupunguza. Msafiri anapotoa zawadi haisifu. Husema, "Nimekuletea kijizawadi tu," au "Si kitu, mama, pokea." Ngeli ya *ki-* hutumika hapa kukidunisha kitu ili mpokeaji asijione amelemewa. Naye mpokeaji hupokea kwa mikono miwili, hushukuru na kuomba dua, na aghalabu hakifungui mbele ya macho ya mtoaji. Bei haitajwi. Mgeni kutoka utamaduni wa kufungua zawadi papo hapo kwa vigelegele anaweza kudhani kwamba hakuna furaha. Furaha ipo, ila imepewa nafasi ya faragha.

Na swali nililolifanya kichwa cha mhadhara huu, je, nani ana ruhusa ya kuliuliza? "Umetuletea nini?" ni swali la watoto, na ni swali la watani. Bibi anaweza kumwambia mjukuu wake, "Mume wangu, umeniletea nini kutoka huko?" na watu wote wakacheka, maana utani baina ya bibi na mjukuu umefungua mlango huo. Lakini mama mkwe hatamuuliza hivyo mkwewe. Watu wazima huuliza, "Habari za safari?" na "Habari za huko?" Kwa adabu hii, kitu cha kwanza anachodaiwa msafiri ni habari. Vitu hufuata baadaye, tena chumbani.

4.0 Vitu vya mbali na majina yao

Historia ya pwani ya Afrika Mashariki imeandikwa kwa sehemu kubwa katika majina ya vitu vilivyoletwa. Mfano mzuri ni *merikani*. Marekani ilitiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Muscat na Zanzibar, mwaka 1833, na kitambaa cha pamba cha viwanda vya Marekani kikatapakaa Zanzibar na bara kwa njia ya misafara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilikatiza shehena hizo, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Jina halikuondoka. Wateja waliendelea kuita merikani kitambaa ambacho hakikutoka Marekani.

Hata leo mahali huning'inia katika kitu. Tunasema tende za Madina, halua ya Muscat, karafuu za Pemba. Mtu anayerudi kutoka Hija huja na misbaha, miswala, tende, na maji ya Zamzam, ambayo aghalabu hufungwa katika chombo cha lita 5. Maji hayo hugawiwa kwa kikombe kidogo, kila jirani funda lake, kwa sababu thamani yake haipimwi kwa wingi. Ni vyema kukumbuka kwamba anapoondoka, ombi analoagizwa Haji na watu wake ni "Utuombee." Zawadi ya kwanza anayotakiwa kuwaletea ni dua, na dua haina uzito wa kilo.

Baina ya Zanzibar na Oman kuna mzunguko wa namna hii usiokatika. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na tena baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, familia nyingi zenye kusema Kiswahili zilihamia Oman, na lugha imeendelea kusikika katika nyumba za Muscat. Kutoka huko huja udi, tende na halua. Kutoka huku huenda karafuu, iliki, mdalasini na kanga. Kinachovutia ni kwamba halua inapikwa pande zote mbili. Mtu wa Unguja hakosi halua, na mtu wa Muscat hakosi pia. Hata hivyo wanaleteana. Kauli ya kutendeana, *kuleteana*, ndiyo inayoeleza jambo hilo kikamilifu: mwendo wenyewe una maana kuliko upungufu wa kitu.

5.0 Kanga: mgeni aliyepewa jina

Sasa tuje kwenye kanga, ambayo ndiyo zawadi inayoongoza kwa mtu anayetoka pwani, awe mwenyeji au mtalii. Kanga ilianza kuenea katika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19. Jina lake jingine, *leso*, lina asili ya Kireno, na inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua leso za mkononi zikiwa bado zimeungana kitambaa kimoja, wakazishona pamoja kupata vazi. Zinauzwa mbili mbili, kwa *doti*, neno lenye asili ya India. Kwa miongo mingi kanga zilichapwa nje kwa ajili ya soko letu: India, Uingereza, Uholanzi, Japani, baadaye viwanda vya Kenya na Tanzania navyo vikachapa. Huko Mombasa, mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak alijulikana kwa kanga zilizoandikwa *Mali ya Abdulla*.

Basi mtalii anayenunua kanga katika Mji Mkongwe, akiamini kwamba anachukua kitu cha asili ya mahali, huenda anachukua kitambaa kilichosafiri baharini kabla yake. Je, amedanganywa? Nasema hapana. Kanga ina sehemu tatu: *pindo*, *mji*, na *jina*. Jina ni yale maandishi ya chini, ambayo zamani yalichapwa kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi. Uzi waweza kuwa wa nchi yoyote na mashine ya nchi yoyote. Maneno ndiyo yanayoifanya kanga kuwa ya Waswahili. Ukiondoa jina, unabaki na kitambaa chenye maua.

Kwa hiyo Mswahili hanunui kanga ya zawadi kwa kutazama rangi peke yake. Huikunjua, akasoma. Kanga ya kumsifu mama itamfaa mama. Kanga yenye kijembe cha mke mwenza au cha jirani mwenye wivu, akipelekewa wifi, yaweza kuzua ugomvi ambao hautazimwa kwa maneno. Mtoaji hawezi kujitetea kwamba hakusoma, kwa sababu kutosoma kwenyewe ni kosa la pili. Mtalii hukwepa hatari hii kwa kutojua lugha: huitandika mezani kwao Hamburg au Boston, na kijembe kikakaa chini ya sahani kwa miaka bila kumchoma mtu. Hapo kanga imekuwa *souvenir*. Imeacha kuwa zawadi kwa maana yetu, maana haimwambii mtu jambo. Nawashauri wauzaji wetu wawasomee wanunuzi jina kabla ya kufunga mzigo. Ni somo la Kiswahili la dakika moja, na halina gharama.

Lugha yenyewe pia imeuzwa kama kitu cha ukumbusho. Maneno *hakuna matata* yamechapwa katika fulana na vikombe visivyohesabika, hasa baada ya filamu ya *The Lion King* ya mwaka 1994. Kampuni ya Disney iliyasajili kuwa alama ya biashara ya mavazi nchini Marekani mwaka 2003, jambo lililozua malalamiko makubwa Afrika Mashariki mwaka 2018. Usajili huo haumzuii mtu kuyatamka. Lakini funzo lipo. Wenyeji wengi wa pwani wangesema *hakuna shida* au *hamna taabu*. Ile kauli ya fulana huisikia zaidi hotelini. Neno likishaondolewa katika mazungumzo na kutundikwa dukani, hupata umaarufu na kupoteza watu wa kuambiana.

6.0 Zawadi inapogeuka deni

Mabibi na mabwana, nisingependa mwondoke hapa na picha ya ukarimu usio na doa. Tunayo methali isemayo *Mkono mtupu haulambwi*, na tunayo nyingine isemayo *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Zote mbili zinamtazama anayekuja na kumtarajia awe na kitu. Kwa mfanyabiashara aliyetoka Dubai na makontena, matarajio hayo si mzigo. Kwa kijana anayeosha vyombo London au anayelinda jengo usiku Toronto, ni mzigo mkubwa. Nyumbani anajulikana kuwa yuko Ulaya au Amerika. Hajulikani kuwa analipa kodi ya chumba, karo na deni la nauli. Ndege humruhusu begi la kilo 23, na ukoo wake una watu 40.

Katika miaka yangu ya kufundisha nimewasikiliza wanafunzi na jamaa wa aina hii, na kauli moja imenirudia mara nyingi: "Nitakuja nikijipanga." Kujipanga kunamaanisha kupata zawadi. Mwaka unapita, na mwingine. Mzazi anazeeka. Wengine wamerudi kwa ajili ya mazishi, wakiwa na vitu walivyokuwa wakimkusanyia aliyezikwa. Hapa ndipo desturi njema inapokula watoto wake. Kitu kilichokusudiwa kumrudisha msafiri kwa watu wake kimekuwa sababu ya kutorudi.

Je, lugha ina dawa? Nadhani inayo, na ni ya zamani. Tunayo methali ya tatu: *Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri*. Tunayo pia kauli ambayo wazazi wetu huwaambia watoto wao kwa simu: "Uje wewe tu, uzima wako ndiyo zawadi." Kauli hii ina mantiki ileile tuliyoiona katika sarufi. Mtu hutangulia, kitu husubiri nyuma, na kikikosekana sentensi bado inasimama. Ninachoomba ni kwamba kauli hii isiachiwe wazazi peke yao. Shangazi, wajomba, mawifi na mashemeji nao waiseme, na waiseme mapema, kabla tiketi haijakatwa.

Upo upande wa pili wa tatizo. Maneno ya zawadi yametumika kufunika yasiyofaa. *Kitu kidogo* na *chai* yamekuwa majina ya rushwa. *Takrima*, neno zuri lenye maana ya kumkirimu mgeni, liliingizwa katika sheria ya uchaguzi ya Tanzania mwaka 2000, likawaruhusu wagombea kuwakirimu wapigakura. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2006 kwamba vifungu hivyo vilikuwa kinyume cha Katiba. Mwanaisimu anaweza kusaidia hapa kwa kuuliza swali dogo: katika tendo hili, mpokeaji ametangulizwa kwa ajili yake mwenyewe, au kwa ajili ya kile atakachomrudishia mtoaji kesho? Kiongozi anayerudi kutoka ziara na kumletea mama yake kanga ametoa zawadi. Anayemletea mtoa zabuni saa ya dhahabu hakutoa zawadi, hata akiifunga kwa utepe na kuiita hidaya.

7.0 Hitimisho na pendekezo

Nimalizie kwa pendekezo la kileksikografia, maana nisipofanya hivyo wenzangu wa kamusi hawatanisamehe. Tunahitaji kutenganisha kitu ambacho msafiri hujinunulia ili akumbuke na kile anachowaletea wengine. Kwa sasa *zawadi* linabeba vyote viwili, kama tunavyoona katika vibao vya "Duka la Zawadi" kwenye viwanja vya ndege. *Kumbukumbu* limeshabeba taarifa za vikao. *Ukumbusho* linafaa kwa hafla, minara na mambo ya jumla. Kwa kitu kinachoshikika, napendekeza tulipe nguvu neno *kikumbusho*, kwa kanuni ileile iliyotupatia *kifuniko* kutokana na *funika*, *kizibo* kutokana na *ziba*, na *kifagio* kutokana na *fagia*. Kinyago alichojinunulia mtalii Mwenge, Dar es Salaam, kiwe kikumbusho. Akikipeleka kwa bibi yake kiwe zawadi. Kikiwa cha nadra kiwe tunu. Hivyo *zawadi* litabaki na kazi yake, ambayo ni kuwataja watu wawili na njia iliyo kati yao.

Na ninyi wanafunzi mnaotarajia kwenda kusoma ng'ambo, nawaomba jambo moja. Mkishapata tarehe ya kurudi, rudini. Msingoje begi lijae. Mkifika mtaulizwa habari za huko, nazo mtakuwa nazo tele.